Nyota mbili kwa ajansi ya Lubumbashi, nne kwa shofa wa Antananarivo

Kazi yangu ni kupanga makamyo. Mwaka wa kumi na tisa huu, kila asubuhi naingia biro na kuamua kamyo ipi iondoke saa ngapi, shofa gani alale Likasi, nani avuke mpaka leo na nani angoje kesho kutwa. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilomita tisini na kitu. Mgeni akiangalia ramani atasema saa moja na nusu. Mimi nimeona kamyo ikimaliza siku nne hapo. Kwa hiyo mtu akiniletea karatasi ya safari sisomi kilomita. Nasoma saa, nasoma msimu, halafu najiuliza kama aliyeiandika amewahi kushika usukani.

Nasema haya mapema ili mjue ni nani anayetoa nyota mbili kwa ajansi moja ya safari ya mjini kwetu. Jina lake sitaliandika, wala la dada aliyetuhudumia, maana yeye alikuwa mtu mwema aliyepewa karatasi mbaya auze. Na mjue pia kwamba safari yenyewe bado. Ni ya Agosti. Ninachopima hapa ni kazi ya kupanga. Kisiwa tutakiona kwa macho yetu.

Mke wangu anafundisha biolojia kwenye lise, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kila mwaka anachora indri ubaoni. Lemuri ni wale wanyama wa mitini wa Madagaska, jamaa wa mbali wa tumbili, na indri ndiye lemuri mkubwa kuliko wote walio hai, kilo tisa hivi, mweusi na mweupe, mkia karibu hana, na anaimba. Hafugiki. Waliojaribu kumweka kwenye bustani za wanyama alikufa mikononi mwao, ndiyo maana watoto wakipelekwa zoo ya hapa Lubumbashi wanaona wengine, huyo hawamwoni, na hata wangepelekwa Paris wasingemwona. Anaishi misitu ya mashariki ya Madagaska, basi. Miaka yote hiyo mke wangu amewaambia watoto "anaimba" na yeye mwenyewe hajamsikia. Mwaka huu zamu ya likelemba, ule upatu wetu wa kuchangiana feza, imetuangukia, na tumetimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nikamwuliza, mama, unataka nini? Nilidhani atasema friji.

Akasema anataka kumsikia indri.

Basi tukaenda ajansi. Iko katikati ya mji, kiyoyozi kinafanya kazi, viti vya ngozi, kahawa wanaleta bila kuombwa. Kwa mapokezi pekee ningetoa nyota tano. Dada akatuwekea mezani kitabu cha picha, na ukurasa wa Madagaska ulikuwa na simba amelala chini ya mbuyu. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa bik nyekundu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Haikusaidia. Akapiga mstari juu ya simba, taratibu, kama anavyopiga kwenye daftari la mtoto, akaandika pembeni: "Hayupo." Madagaska haina simba, haina tembo, haina twiga, haina pundamilia. Ilijitenga na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita, kisha ikaachana na India miaka milioni 88 hivi iliyopita, na tangu hapo wanyama wake wanajipangia mambo yao wenyewe. Mwindaji mkubwa wa huko ni fosa, mnyama mwembamba mwenye mkia mrefu anayepanda miti kama paka, na windo lake ni hao hao lemuri. Dada alisikiliza yote hayo kwa adabu, akauliza kama tunapenda chumba chenye kitanda kimoja au viwili.

Wiki moja baadaye tukaitwa kuchukua mpango. Ulikuwa wa siku nane, kuanzia tarehe 27 Desemba, kwa sababu walimu wana vakansi ya Noeli. Kwa watu wawili dola 5,200, biye za ndege zikiwa ndani. Karatasi nzuri, nzito, yenye rangi. Nikakaa nayo jioni chini ya mwembe kama ninavyokaa na fomu za makamyo, na nilivyozidi kuisoma nilizidi kucheka, halafu nikaacha kucheka kwa sababu nilikuwa nimeshalipa avansi ya dola 400.

Siku ya kwanza unafika Antananarivo. Sawa. Siku ya pili unakwenda Andasibe kumwona indri na kurudi jioni. Hapo nikasimama. Andasibe iko mashariki ya mji mkuu, kilomita 140 na kidogo, kwenye barabara ya taifa namba 2. Barabara hiyo ndiyo inayopanda kutoka Toamasina, bandari kubwa ya nchi, na kontena karibu zote za mji mkuu zinapita humo, milima na kona juu ya kona. Sijawahi kukanyaga huko, ila barabara ya namna hiyo naijua kama mfuko wa suruali yangu. Unahesabu saa nne, ukikutana na kamyo iliyolala kwenye kona unahesabu sita. Na indri anaimba asubuhi, zaidi kati ya saa moja na saa tano. Mtu anayeondoka Antananarivo alfajiri atafika msituni wakati wimbo unakaribia kwisha au umekwisha, na wenyewe wametulia juu wanatafuna majani. Jambo moja tu tuliloomba, ndilo waliloliua kwenye mstari wa pili.

Siku ya tatu, kwa barabara hadi Morondava, "machweo kwenye Njia ya Mibuyu". Mibuyu hiyo ni ya kweli na ni ya ajabu, mita thelathini kwenda juu, imejipanga kandokando ya njia ya vumbi kama nguzo za kanisa. Madagaska ina aina sita za mbuyu zisizoota kwingine. Ila kutoka mji mkuu hadi Morondava ni karibu kilomita 700. Wenyeji wanalala njiani. Hayo machweo tungeyaona kesho yake.

Siku ya nne, Tsingy ya Bemaraha. Hii ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji ya mvua mpaka yakawa msitu wa visu, UNESCO iliyaandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990. Kutoka Morondava ni kilomita 200 hivi za udongo, na mito miwili ya kuvuka kwa kivuko. Ni siku nzima kwa motoka ya magurudumu manne, tena wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua barabara inakufa na hifadhi inafungwa. Sasa tarehe 30 Desemba kuna nini kule? Mvua. Misimu yao ni kama yetu ya Katanga, Novemba hadi Aprili ni maji, na wao juu ya mvua wanaongezewa vimbunga kutoka bahari ya Hindi. Februari 2022 kimbunga Batsirai kilipiga pwani ya mashariki na kuua watu zaidi ya mia moja. Ajansi ilikuwa inatupeleka mahali palipofungwa, kwa njia isiyopitika, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei.

Halafu siku ya saba, Nosy Be, kuogelea. Nosy Be ni kisiwa kingine, kaskazini-magharibi kabisa. Nadhani mwandishi wa ile karatasi aliona neno "kisiwa" akafikiria Idjwi, kile kisiwa chetu kidogo cha ziwa Kivu. Madagaska ni kilomita za mraba 587,000, kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani. Kongo yetu inaimeza mara nne, kweli, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayekuuzia Lubumbashi, Kisangani na Boma kwa siku nane.

Kesho yake nikarudi. "Dada," nikamwambia, "nani aliandika hii?"

"Papa, iko kwenye sistemi."

"Na sistemi imewahi kwenda?"

Akatabasamu kwa aibu. Sikuwa na hasira naye. Nami kwenye kazi yangu nina wakubwa wanaochora mstari kwenye ramani kwa kidole na kusema "hapa siku mbili", halafu mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku wa manane na shofa aliyekwama.

Lililonikera hasa ni dola 120. Kwenye hesabu kulikuwa na mstari wa "chanjo ya homa ya manjano, watu wawili", kwa maelezo kwamba kadi zetu zimepita miaka kumi. Kweli mtu anayetoka Kongo anaingia Madagaska na kadi ya manjano mkononi, hilo halina mjadala. Ila tangu Julai 2016, chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi hiyo ni ya maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Yangu ni ya mwaka 2012 na inafanya kazi. Mke wangu alilieleza hilo bila kutoa bik, na mstari ukafutwa palepale, bila ubishi. Huo wepesi wa kufuta ndio ulionitia shaka. Wangapi wamechomwa sindano ya pili bila sababu?

Kuhusu visa nilipewa jibu la mdomo: "Papa, utapata uwanjani, hakuna shida." Simpeleki shofa mpakani kwa jibu la mdomo. Jamaa mwenye pasipoti ya Ubelgiji akikuambia alivyoingia, hiyo ni habari yake. Kila pasipoti ina mlango wake. Niliandika mwenyewe kwa mamlaka za Madagaska, nikataja wazi kwamba pasipoti zetu ni za Kongo na tunaondokea Lubumbashi, na jibu lao nimelichapa, limo ndani ya dosye. Fanyeni hivyo hivyo, na fanyeni kabla ya kulipa biye.

Nyota mbili, basi, zimetoka wapi? Zimetoka kwa yule dada. Ni yeye aliyegundua kwamba pasipoti yangu ingebakiwa na miezi minne tu siku ya kusafiri wakati wanataka sita, na mimi mwenye kukagua karatasi za makamyo kila siku sikuwa nimeona. Ni yeye pia aliyeona jina la mke wangu limeandikwa kwa "y" mahali pamoja na kwa "i" mahali pengine, akasubiri lirekebishwe kabla ya kutoa biye. Na kwenye ndege alijua kazi yake. Alituchorea njia zote kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi: kwa Addis Ababa, kwa Nairobi, kwa Johannesburg, akaeleza ipi ina masaa mengi ya kungoja na ipi inataka makaratasi zaidi. Tumechukua ya Addis Ababa. Biye tulinunua kwake, na ningemrudia kwa biye kesho.

Mpango wa nchi kavu niliukataa. Ile avansi ya dola 400 nilirudi kuidai mara tatu, wakanipa 250. Mia moja na hamsini walisema ni gharama za dosye. Dosye ilikuwa kurasa nne, moja ikiwa na simba.

Sasa huyo shofa.

Tuliwahi kusafirisha vipuri vya mhandisi mmoja Mmalagasi aliyefanya kazi migodi ya upande wa Kolwezi. Kabla ya kuja huku alikuwa Ambatovy, mgodi wa nikeli na kobalti ulio karibu na Moramanga, jirani kabisa na msitu wa indri. Aliwahi kuniambia kitu ambacho mpaka leo kinaniuma: madini ya Ambatovy hayapandi kamyo. Yanachanganywa na maji na kushuka hadi Toamasina ndani ya bomba la kilomita 220 hivi. Nikifikiria foleni ya Kasumbalesa, natamani hilo bomba kama mtu anavyotamani mbingu. Kisha nakumbuka kwamba ningekosa kazi. Huyo mhandisi ndiye aliyenipa namba ya shofa, mtu wa Antananarivo mwenye motoka yake mwenyewe ya magurudumu manne. Tunaongea Kifaransa, kwa sauti za simu, maana kuandika hapendi.

Ajansi ilikuwa imetuuliza idadi ya nyota za hoteli. Shofa aliuliza magoti yetu yana hali gani. Aliuliza mwalimu anafunga shule lini. Aliuliza kama mama anataka kumwona indri au kumsikia, kwa sababu kumwona unaweza kumwona hata saa sita mchana, ila kumsikia lazima ulale hapohapo. Nilimrushia ile karatasi ya rangi. Alijibu kwa kicheko cha sekunde kumi, halafu akaomba radhi.

Mpango wake ni wa siku kumi na moja, mwezi wa Agosti. Anatupokea uwanjani Ivato, tunalala mjini. Kesho yake tunaondoka saa mbili asubuhi, si alfajiri, kwa sababu hatukimbizi kitu, tunakula Moramanga, tunafika Andasibe jioni. Tunalala pale usiku tatu. Asubuhi mbili ni za Analamazaotra, kipande cha msitu ambacho indri wake wamezoea watu, na asubuhi moja ni ya Mantadia, ambako msitu ni mkubwa zaidi na miguu inafanya kazi zaidi. Mwongozaji ni lazima, huruhusiwi kuingia peke yako. Yeye na tiketi ya hifadhi vinalipwa palepale, na shofa hakutaka kuvipitisha mkononi mwake. Hilo nililiwekea alama nzuri.

Nilimwomba tutoke Andasibe hadi Antsirabe kwa siku moja. Alikataa. Ni kilomita 320 tu, nikamwambia. Akasema: "Papa, na foleni ya Tana utaiweka wapi?" Tana ndiyo Antananarivo. Sikuwa na la kujibu. Ni swali ninaloliuliza mimi, kila siku, kwa watu wengine. Kwa hiyo tunalala tena mji mkuu, kisha Antsirabe, kisha tunashuka Ranomafana.

Ranomafana sikuijua. Mke wangu ndiye aliyeruka kwenye kiti. Mwaka 1986 watafiti walimkuta pale lemuri wa dhahabu wa mianzi ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na hifadhi ikazaliwa mwaka 1991 ili kumlinda. Lemuri huyu anakula machipukizi ya mianzi yaliyojaa sayanidi, kipimo cha kila siku ambacho kingeua mnyama wa ukubwa wake mara kadhaa, na yeye anashiba analala. Sayanidi ni sumu ile ile ya muhogo mchungu. Mke wangu yuko jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kunieleza haya, mchi unakwenda juu na chini: sisi tunatwanga, tunachemsha, tunamwaga maji, tunachemsha tena, na mjinga mmoja wa kilo moja na nusu anaichuma anaitia mdomoni! Nadhani tayari amepanga somo la Septemba.

Mibuyu ya Morondava shofa aliifuta kabisa, ingawa angelipwa siku nne zaidi. "Mibuyu haiondoki," alisema. Tsingy hakuitaja hata mara moja.

Bei: yuro 70 kwa siku, motoka na shofa, yeye analala na kula kwa feza yake, mafuta ni juu yetu. Wengine hawapendi hesabu yenye mafuta pembeni. Mimi naipenda, kwa sababu naweza kuikagua. Nilimwuliza motoka inakunywa lita ngapi kwa kilomita mia, na hapo ndipo ninapowajua mashofa. Mwongo anataja namba moja upesi. Yeye aliuliza: kupanda au kushuka?

Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu hizi. Anajibu akitaka, mara moja alinyamaza siku tano, nikaanza kuhesabu avansi ya pili iliyopotea, kumbe alikuwa kusini na wateja na mtandao hakuna. Hoteli ya Andasibe alinitajia moja tu, na alivyoisifu nahisi ni ya shemeji yake. Agosti ni mwezi ambao Wazungu wako vakansi, vyumba vinakwisha mapema, hilo alinionya mwenyewe, kwa hiyo nilitegemea majina matatu angalau. Na alitaka nusu ya feza itangulie kwa simu. Nilimtumia sehemu ya tano, nikamwambia iliyobaki ataiona mezani. Alikubali bila kununa.

Kuna mambo ambayo huwezi kuyanunua ajansi yoyote. Jioni moja nilimwuliza watu wa huko wanakula nini, nikiogopa siku kumi na moja bila bukari, ugali wetu. Wali, akasema, asubuhi wali, mchana wali, usiku wali. Wanauita vary. Halafu akataja mboga yao, ravitoto. Ni nini? Majani ya muhogo yaliyotwangwa, yanapikwa na nyama ya nguruwe. Mke wangu akanipokonya simu: "Hiyo ni sombe!" Wakabishana kuhusu mawese dakika saba, kwa gharama yangu.

Kutoka hapo wakaanza kubadilishana maneno. Kimalagasi ni lugha iliyotoka mbali, jamaa zake wako Borneo, ng'ambo ya bahari ya Hindi, ila mifugo waliipata kwa majirani wa upande huu. Ng'ombe wanaita omby. Kuku ni akoho. Mbwa ni amboa. Kanga ni akanga. Watu wa pwani zamani waliiita nchi hiyo Bukini, na inaonekana hawakwenda mikono mitupu. Shofa hakuwa anajua kwamba anaongea Kiswahili na kuku wake kila asubuhi. Kwa sikukuu nako tunapishana kidogo: uhuru wao ni tarehe 26 Juni 1960, wetu tarehe 30. Anasema yeye ni yaya wangu, yaani kaka mkubwa, kwa siku nne, kwa hiyo nimwekee heshima.

Indri kule Andasibe wanamwita babakoto, na alivyotueleza, ni baba wa Koto, Koto likiwa jina la mvulana mdogo. Yaani wamemwita kama tunavyoitana sisi hapa, baba fulani, mama fulani, kwa jina la mtoto. Wazee wa huko wanasimulia juu ya kijana aliyekwama juu ya mti akitafuta asali, indri akambeba mgongoni hadi chini. Tangu hapo kumla ni fady, yaani mwiko. Mwiko huo umewalinda kwa muda mrefu kuliko askari yeyote wa msitu, ingawa misitu yenyewe inakatwa na kuchomwa, na indri yuko kwenye orodha ya walio karibu kabisa kutoweka.

Sauti yenyewe aliituma mwezi wa tatu. Alikuwa Andasibe na wateja wengine, akanyoosha simu juu. Kwetu ilifika jioni, umeme umekatika, mke wangu anasonga bukari kwa mwanga wa tochi. Niliiweka simu ndani ya kikombe cha bati ili iongee kwa nguvu. Kwanza ni mvua kwenye majani na mtu anakohoa. Halafu ikaanza. Siwezi kuifananisha na mnyama. Ni kama fanfari ya kanisa inayojifunza ng'ambo ya mtaa, tarumbeta moja inavuta noti ndefu inayoshuka, ya pili inaipokea kabla haijakatika, ya tatu inaingia katikati. Ni familia hiyo, baba, mama na watoto, wanawaambia jirani kwamba shamba hili lina wenyewe, na wanasikika kilomita mbili na zaidi. Mwaka 2021 watafiti waliandika kwamba wimbo huo una mdundo wa kuhesabika, kama wa muziki wa binadamu. Mke wangu alishajua hilo. Alisikiliza mara tatu, mwiko mkononi, bukari ikaungua.

"Nimewafundisha vibaya," akasema. "Nilikuwa naigiza kwa sauti ya juu sana."

Miaka ishirini na miwili alikuwa anawaigizia watoto darasani! Sikuwahi kujua. Alinifanyia pale jikoni, ile ya zamani na ile iliyosahihishwa, na mbwa wa jirani akajibu.

Baridi haitutishi. Antananarivo iko juu karibu kama sisi, mita 1,280 hivi, na anayejua asubuhi za Lubumbashi za Juni ana koti tayari. Andasibe kuna unyevu zaidi, mvua ya huko haiheshimu kiangazi. Shofa anasema wakati wa baridi indri wanaamka wavivu, tusikurupuke saa kumi na moja, saa moja inatosha. Nilinunua makoti mawili ya mvua kwenye mitumba, soko la Kenya la hapa hapa Lubumbashi, dola kumi na moja yote mawili baada ya maneno mengi. La kwangu lina zipu mbovu, linapata nyota tatu.

Wiki iliyopita dada wa ajansi alinipigia kuuliza pasipoti mpya imetoka lini, akasema pia shefu wake ana ofa ya Krismasi, Zanzibar siku nne. Nikamwuliza kama kwenye picha kuna simba. Akacheka mpaka akashindwa kusema.

Na jana usiku shofa ametuma sauti ya mwisho kabla ya kwenda kusini tena: tusije na ndala msituni, tuje na soksi ndefu, tuingize suruali ndani, kwa sababu kule kuna ruba wadogo wanaoning'inia kwenye majani, na dawa yake ni chumvi. Nimeamka leo nimekuta mezani kifurushi cha chumvi cha nusu kilo, kimefungwa vizuri, na karatasi juu yake yenye wino mwekundu: "Isipikwe."